Kompyuta mpakato mpya imejaa programu nisizoziomba: zipi zibaki, na antivirusi ipi niiachie kazi?

MwalimuKihonda, Morogoro

Ndugu zangu, naomba msaada wenu katika jambo ambalo limeninyima utulivu kwa wiki mbili sasa. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na baada ya kudunduliza kwa muda mrefu nimenunua kompyuta mpakato mpya katika duka moja la Kariakoo, ikiwa bado ndani ya boksi lake. Ina Windows 11, kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ya SSD ya gigabaiti 256. Kabla sijaondoka dukani, kijana wa pale aliifungua, akasema ananiwekea vitu muhimu bila malipo ya ziada, nami nikamshukuru.

Nilipofika nyumbani nikakuta mambo yafuatayo. Kuna antivirusi iliyotoka nayo kiwandani, ya majaribio ya siku 30, na juu yake kuna ya pili ya bure ambayo kijana yule aliiweka. Kuna programu nne zinazoanza na jina la mtengenezaji wa kompyuta, ambazo kwa macho yangu zinafanana zote. Kuna programu inayodai kusafisha kompyuta na kuiongezea kasi, michezo kadhaa ambayo ukiibofya ndipo inaanza kujipakua kwa bando lako, OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inayonihimiza kila asubuhi niingize akaunti, pamoja na Office kamili ambayo niliambiwa "haiishi muda". Nikiwasha tu mashine, bila kufungua chochote, kumbukumbu iliyotumika tayari inapita gigabaiti 5.

Kilichonifanya niandike ni tukio la Jumatatu. Nilikuwa naingiza alama za mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne, mzazi mmoja akiwa ameketi mbele yangu, mara kwenye kona ya chini kulia likapanda sanduku jekundu lenye maneno makubwa kwamba kompyuta yangu imo hatarini na kwamba nilipe leo ili niendelee kulindwa. Nikalifunga, likarudi. Mzazi aliuliza kwa upole kama taarifa za mtoto wake ziko salama humo, nami sikuwa na jibu la kumpa.

Naomba kujua ni zipi kati ya programu hizi naweza kuziondoa bila kuharibu kompyuta, na kama ulinzi unaokuja na Windows yenyewe unatosha kwa mtu kama mimi, anayetumia intaneti ya simu kwa kifurushi na anayepokea flashi za wenzake kila siku.

FundiMwenge, Dar es Salaam

Pole kwa usumbufu, Mwalimu. Nimefanya ufundi wa kompyuta hapa Mwenge kwa miaka 12, na mashine ya namna hiyo huletwa mezani kwangu karibu kila wiki, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Nianze na antivirusi, kwa sababu hapo ndipo kumbukumbu yako inapoliwa. Antivirusi hukagua kila faili pale linapofunguliwa. Ukiwa nazo mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, kila faili linakaguliwa mara mbili, na wakati mwingine moja huiona orodha ya virusi ya mwenzake kuwa ndiyo virusi. Hazijumlishi ulinzi, zinakwamishana. Microsoft Defender ipo ndani ya Windows ikiwa antivirusi kamili tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Antivirusi nyingine ikijisajili kwenye mfumo, Defender hujiweka kando, na ile nyingine ikiondolewa, Defender hurudi kazini yenyewe. Hili ndilo jambo ambalo lile sanduku jekundu halikuambii. Halisemi kwamba ukikataa kulipa utabaki uchi; linasema tu kwamba wao hawatakulinda. Hatari iko katikati: antivirusi iliyoisha muda lakini haijaondolewa inaweza kuendelea kukalia nafasi ya Defender huku haipokei tena orodha mpya za virusi.

Kwa hiyo ingia Mipangilio, sehemu ya programu zilizosakinishwa, uondoe kwanza ile ya dukani, uzime na kuwasha, kisha uondoe ile ya majaribio, uzime na kuwasha tena. Antivirusi zina mizizi mirefu, na mara nyingi baada ya kuziondoa kwa njia ya kawaida hubaki mabaki yanayoendelea kujiwasha pamoja na mfumo. Makampuni makubwa ya antivirusi, kama McAfee na Norton, hutoa vifaa vyao maalumu vya kufuta mabaki hayo. Kipakue kile cha kampuni husika kutoka kwenye tovuti yake yenyewe, si kutoka tovuti za kugawa programu. Ukimaliza, fungua Usalama wa Windows uhakikishe kwamba ulinzi wa wakati halisi umewaka kwa jina la Microsoft Defender, kisha usasishe orodha ya virusi.

Sasa hizo programu nne za mtengenezaji. Usizifute zote kwa pamoja kwa hasira. Mimi hujiuliza swali moja kwa kila programu: nikiiondoa, kuna kitufe, kifaa au betri itakayoacha kufanya kazi kama ilivyokusudiwa? Ile inayoleta masasisho ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows) na draiva (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vya kompyuta) ibaki. Ile inayotawala vitufe vya mwanga na sauti, au inayokuwezesha kuzuia betri isijae kupita asilimia 80 unapofanya kazi huku umechomeka umeme, ibaki pia, maana betri ya kompyuta inayoshinda kwenye chaja hudumu zaidi isipojazwa hadi juu muda wote. Ile ya kusajili dhamana, isajili kisha uiondoe. Ile ya matangazo na ofa haina kazi kwako.

Kuhusu woga wa programu za kiwandani kwa ujumla, una msingi wake. Kuanzia Septemba 2014 Lenovo iliuza baadhi ya kompyuta zikiwa na programu ya Superfish, iliyokusudiwa kupenyeza matangazo kwenye kurasa unazofungua. Ili iweze kuingia hata katika kurasa zilizosimbwa, yaani zilizofungwa kwa msimbo ili mtu wa kati asizisome, ilijiwekea ndani ya Windows cheti chake cha msingi, yaani kitambulisho kinachoifanya kompyuta iziamini kurasa, na ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa ni uleule katika kompyuta zote. Februari 2015 mtafiti Robert Graham alilipata nenosiri la ufunguo huo na kulitangaza, na kuanzia hapo ilidhihirika kwamba mtu yeyote aliye kwenye Wi-Fi moja na wewe angeweza kujifanya ndiye benki yako. Microsoft ikaisasisha Defender ili iiondoe. Hata programu za kusasisha zenyewe si malaika: Machi 2019 kampuni ya antivirusi ya Kaspersky ilieleza jinsi wadukuzi walivyoingilia ASUS Live Update, programu ya kusasisha kompyuta za ASUS, mwaka 2018 na kusambaza masasisho yenye sumu yaliyobeba sahihi halali ya kampuni. Kwa sababu hiyo mimi huiacha programu ya kusasisha, lakini huizuia isijiwashe pamoja na Windows, nikawa naifungua kwa mkono mara moja kwa mwezi.

Programu ya kuongeza kasi, iondoe leo. Michezo vilevile. OneDrive inakupa gigabaiti 5 bure, na kwa alama za wanafunzi hiyo si haba, lakini uamuzi ni wako na bando lako.

Nimeiacha Office mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote uliyoyataja. Office "isiyoisha muda" ambayo hukuilipia, kwa kawaida imefunguliwa kwa programu ya kuvunja leseni. Defender huitambua programu ya aina hiyo na kuifuta, kwa hiyo anayeiweka huanza kwa kuizima Defender, au huiambia kuna folda ambayo isiiguse milele. Ukishaondoa zile antivirusi mbili na Defender kurudi, ingia kwenye mipangilio yake ya virusi na vitisho, shuka hadi sehemu ya vitu visivyokaguliwa, uangalie kama kuna chochote kilichoandikwa humo. Kwenye kompyuta mpya panatakiwa pawe patupu. Tafadhali rudi utuambie umekuta nini.

StesheniNgamiani, Tanga

Namheshimu Fundi na mengi aliyosema nayaafiki, lakini kwenye suala la Defender kutosha sikubaliani naye moja kwa moja, na ningependa Mwalimu asikie upande huu pia kabla hajaamua.

Nina duka la stesheni, yaani la vifaa vya kuandikia na kuchapa, hapa Ngamiani. Kwa siku nzima watu wanaingia na flashi: wanafunzi wa chuo wanachapa ripoti, wazee wanaleta barua za mirathi, walimu wanaleta mitihani. Virusi wa flashi hawajatutoka miaka yote hii. Unafungua flashi ya mteja, unakuta kila folda ina kishale kidogo kwenye kona ya ikoni yake, na ukiangalia ukubwa unakuta ni kilobaiti 1 au 2. Hiyo si folda, ni njia ya mkato. Folda zenyewe zimefichwa, na ukibofya ile njia ya mkato unakuwa umemwasha virusi kwa mkono wako mwenyewe, naye akishaingia kwenye kompyuta huambukiza kila flashi inayofuata. Mteja analia kwamba kazi yake imepotea, wakati ipo palepale.

Sasa tatizo la Defender kwa mazingira yetu ni hili: sehemu kubwa ya nguvu yake hutokana na kuuliza seva za Microsoft kuhusu faili isilolifahamu. Maabara ya AV-Comparatives iliyoko Innsbruck, Austria, ambayo hupima antivirusi za kampuni mbalimbali, imeonyesha katika majaribio yake kwamba uwezo wa Defender wa kugundua virusi hushuka kompyuta isipokuwa na intaneti, na hushuka zaidi kuliko baadhi ya washindani wake. Mtu aliye na intaneti siku nzima hataliona hilo. Mimi ambaye huwasha data pale tu mteja anapotaka kutuma barua pepe nimeliona, na ndiyo maana nalipia leseni ya antivirusi kila mwaka, kwenye kompyuta moja ambayo flashi zote hupitia kwanza.

Ila zingatieni kwamba nasema kulipia. Ile ya bure aliyowekewa Mwalimu sitaitetea. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Avast, kampuni inayotoa antivirusi ya bure, italipa dola milioni 16.5 kwa sababu taarifa za kurasa walizotembelea watumiaji wake zilikuwa zimeuzwa kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Programu uliyoipa ruhusa ya kuona kila faili na kila ukurasa ni lazima ujue inakula wapi.

Kwako Mwalimu, ambaye flashi unazopokea pengine ni tano au sita kwa siku, Defender itatosha ukijizoesha mambo mawili. Kabla ya kufungua flashi, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama yake, uchague kuikagua kwa Defender, data ikiwa imewashwa. Pia kwenye kidirisha cha mafaili washa chaguo la kuonyesha vitu vilivyofichwa na viambishi vya majina ya mafaili, ili faili la "Mtihani wa Hisabati" lenye kiambishi cha exe, yaani programu na si waraka, lisikudanganye kwa kuvaa ikoni ya Word.

KipakatalishiNakuru, Kenya

Naomba kuongezea onyo kutoka kwa mtu aliyefuta kupita kiasi.

Mwaka juzi nilinunua kipakatalishi kipya, nikakasirishwa na programu-tumizi za kiwandani kama wewe, nikakaa usiku mmoja nikaondoa kila kitu nisichokitambua. Asubuhi kitufe cha kupunguza mwanga wa skrini hakikuitika. Kipadi cha kugusa kilisogeza mshale lakini hakikukubali tena vidole viwili kupandisha ukurasa. Ilinichukua wikendi nzima na bando la gigabaiti kadhaa kutafuta draiva moja moja kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kwa hivyo ninakusihi uondoe programu moja, uwashe upya, uitumie mashine siku moja, halafu ndipo uende kwa inayofuata, huku ukiandika daftarini ulichoondoa na tarehe.

Jambo la pili ni zito zaidi, nami nashangaa halitajwi mara nyingi. Vipakatalishi vingi vya Windows 11 husimba diski yote kimyakimya mara tu unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ni kinga nzuri iwapo mashine itaibwa, lakini baadaye niliposasisha BIOS kwa kutumia programu ya mtengenezaji, kilipowaka kilinikaribisha kwa skrini ya buluu kikitaka ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Sikuwa nimewahi kuusikia. Kwa bahati ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti yangu ya Microsoft, nikausoma kupitia simu na kuuingiza tarakimu baada ya tarakimu huku mikono ikitetemeka. Lau akaunti ile ingekuwa imefunguliwa na mwenye duka kwa barua pepe yake, kama wafanyavyo baadhi yao, kazi yangu yote ingekuwa imefungiwa ndani. Mwalimu, kabla hujagusa BIOS, hakikisha akaunti iliyo kwenye kompyuta ni yako, kisha uunakili ufunguo huo kwenye karatasi uiweke pamoja na vyeti vyako.

Kuhusu bando, kwenye mipangilio ya Wi-Fi kuna chaguo la kuiambia Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Ukiliwasha, masasisho makubwa yanasubiri. Lakini usitegemee tena orodha za virusi kujisasisha zenyewe; ingia Usalama wa Windows kila asubuhi ubofye kutafuta masasisho.

MwalimuKihonda, Morogoro

Nawashukuru sana nyote. Nimefuata maelekezo kwa siku nne, programu moja moja kama alivyoshauri ndugu wa Nakuru, na daftari ninalo.

Antivirusi ya dukani ilitoka kwa urahisi. Ile ya majaribio iliniuliza mara tatu kama nina hakika, ikanipa punguzo la bei, na hata baada ya kuondoka iliacha ikoni karibu na saa, ambayo ilifutika nilipotumia kifaa cha kampuni yenyewe. Defender ilijiwasha bila mimi kufanya lolote. Kumbukumbu inayotumika mashine inapowaka sasa ni gigabaiti 3 na nukta kidogo. Kati ya programu nne za mtengenezaji nimebakiza mbili, ya masasisho na ya betri, na akaunti ya Microsoft ni yangu, ufunguo nimeuandika.

Kisha nikaenda kwenye sehemu ya vitu visivyokaguliwa aliyoitaja Fundi. Hapakuwa patupu. Palikuwa na folda moja iliyoko ndani ya folda ya Windows, yenye jina la herufi tatu na tarakimu, nami sikuiweka. Nilipoifuta kutoka kwenye orodha hiyo na kuamuru ukaguzi kamili, ndani ya dakika chache Defender ikatoa onyo kuhusu kifaa cha kuvunja leseni na kukiweka karantini. Kesho yake niliona pia kazi iliyopangwa kujiendesha kila wiki, ikiita faili ndani ya folda ileile.

Kwa hiyo kwa wiki mbili nilikuwa nahofia sanduku jekundu, na mlango wenyewe ulikuwa umeachwa wazi mahali pengine. Je, sasa mashine ni safi? Office bado inafunguka.

FundiMwenge, Dar es Salaam

Ahsante kwa kurudi, Mwalimu, na kwa uangalifu wako. Nitakujibu bila kukuficha: huenda ni safi, lakini mimi nisingeingiza alama za wanafunzi humo kwa "huenda". Kifaa cha namna hiyo kiliendeshwa kwa mamlaka ya juu kabisa ya kompyuta wakati ulinzi umezimwa, na hakuna ukaguzi utakaotueleza kwa uhakika kilifanya nini kingine wakati huo.

Njia ninayoiamini ni kusakinisha Windows upya. Haitakugharimu leseni, kwa kuwa kompyuta iliyouzwa na Windows halali hubeba ufunguo wake ndani ya chipu ya ubao mama, na Windows huusoma yenyewe wakati wa kusakinishwa, mradi uweke toleo lilelile iliyotoka nalo kiwandani. Utahitaji flashi ya gigabaiti 8 au zaidi na kifaa cha Microsoft cha kutengenezea flashi ya kusakinishia. Kipakue kwenye kompyuta nyingine unayoiamini, penye intaneti isiyo ya kifurushi kama unaweza kupata, maana ni gigabaiti kadhaa. Kabla ya kuanza, pakua kutoka tovuti ya mtengenezaji draiva ya Wi-Fi na ile ya diski, uziweke kwenye flashi hiyohiyo, kwa sababu kuna mashine za Intel ambazo kisakinishi hakiioni diski mpaka ukipe draiva yake, na wengi hukwama hapo wakidhani diski imekufa. Faida nyingine ni kwamba utabaki na Windows tupu, bila michezo wala antivirusi ya majaribio, kisha utarudisha zile programu mbili tu za mtengenezaji.

Hamisha nyaraka zako pekee: Word, Excel, picha na PDF. Usihamishe faili lolote la kusakinishia lililotoka dukani. Baada ya hapo badilisha nenosiri la barua pepe na la huduma zozote za benki ulizofungua kwenye mashine hiyo, na ulibadilishe ukiwa kwenye simu, si kwenye kompyuta hiyo kabla haijasafishwa.

Kuhusu Office, kuna mbadala wake uitwao LibreOffice, ambao ni wa bure na wa halali na utafungua majedwali yako ya alama. Kagua tu fomula zako mara ya kwanza. Uliza pia ofisi ya shule kama inaweza kujisajili, kwa sababu Microsoft hutoa Office ya mtandaoni bila malipo kwa shule zinazothibitishwa. Ukikwama wakati wa kusakinisha, piga picha ya skrini uiweke hapa.

MwalimuKihonda, Morogoro

Nimeelewa, Fundi. Kesho nitahamisha nyaraka, na Jumamosi nitakwenda kwa mwenzangu mwenye intaneti ya nyumbani kutengeneza flashi. Yule mzazi nimempigia simu na kumweleza kwamba alama za mtoto wake zimeingizwa upya kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma hadi hii yangu itakapokuwa tayari.

StesheniNgamiani, Tanga

Flashi hiyo ya kusakinishia, Mwalimu, tafuta yenye kitufe pembeni cha kuzuia kuandikwa, kama utaipata madukani. Ukishamaliza kuitengeneza, sogeza kitufe, na hakuna kompyuta itakayoiambukiza njiani.